Ubao wa Sentimita 118, Mguu wa Sentimita 18

Nimeupata! Yaani nimeupata kweli! Baada ya miezi kumi na minne ya kupekua, umelala hapa mbele yangu juu ya meza ya jikoni, nyumbani kwetu Munich: ubao wa theluji wa alpaini wa mtoto. Urefu wake sentimita 118, kiuno sentimita 19, rangi nyekundu iliyopauka, na mkia umekatwa sawa kama wa mbao za mashindano. Binti yangu ana miaka sita, kilo 20 na nusu, na mguu wake ulikuwa na sentimita 18 kamili nilipompimia mabuti. Kama hujawahi kumtafutia mtoto wa umri huo vifaa vya aina hii, namba hizo hazitakushtua. Mimi zimeninyima usingizi, na leo nazipigia vigelegele.

Niwaeleze kwanza wale ambao hawajakutana na mchezo wenyewe. Watu wengi wakisikia snoubodi huona vijana wenye suruali pana wakiruka na kujigeuza hewani. Hiyo ni ile ya mabuti laini, na ina raha yake. Alpaini ni jamii nyingine. Buti lake ni gumu, la plastiki, linafanana sana na la ski. Kifungio ni bamba lenye vitanzi viwili vya chuma: kimoja kinashika kisigino, kingine kinashika ncha ya buti kwa mkono mdogo unaoubana chini hadi usikie “tap!” Ubao ni mwembamba, na miguu yote miwili imeelekea mbele, haikukaa kando. Kazi ya vyote hivyo ni moja tu: kuulaza ubao kwenye makali yake na kukata kona bila kuteleza pembeni hata kidogo. Anayeweza, nyuma yake hubaki mstari mmoja mwembamba kwenye theluji, kama umechorwa na penseli. Hodari kabisa hulala mpaka mkono na nyonga vinapapasa ardhi. Nilipouona mstari ule mara ya kwanza, miaka minane iliyopita, nilisimama kando ya mteremko na kusahau baridi.

Mtu mzima akitaka vifaa hivi, anajua pa kwenda. Donek wa Colorado, Coiler wa Kanada na Kessler wa Uswisi wote wanazitengeneza mbao hizi, na ukiwa na pesa na subira utapata ya kimo chako. Mtoto wa miaka sita hana rafu yake. Unaingia duka kubwa la michezo, lenye ghorofa nne, watoto wamejaziwa kila kitu cha ski na kila kitu cha mabuti laini, lakini ukitaja buti gumu juu ya ubao, mwuzaji anakuangalia kwa huruma. Mabuti magumu ya snoubodi yapo ya kiume na ya kike, na saizi ndogo kuliko zote ni ya mama mwenye mguu mdogo. Hapo chini yake ni kiza.

Inauma zaidi ukikumbuka mchezo wote ulianzia wapi. Siku ya Krismasi mwaka 1965, huko Muskegon, Michigan, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen aliunganisha ski mbili pamoja ili mabinti zake wapate kitu cha kuteleza nacho wamesimama. Mkewe akakiita Snurfer. Ndiyo mbegu ya snoubodi yote unayoiona leo: mzazi, mabinti, na kifaa ambacho hakikuwepo dukani! Kila nilipokaribia kukata tamaa nilimkumbuka baba huyo.

Na kwa nini tusikae tu na mabuti laini? Kwa sababu binti yangu ameomba mwenyewe. Nilimwonyesha video za michezo ya Pyeongchang ya mwaka 2018, pale Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki alipochukua dhahabu ya ski ya super-G kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha wiki moja baadaye akapanda ubao wa alpaini na kuchukua dhahabu nyingine. Michezo miwili, vifaa viwili tofauti, mashindano yaleyale. Kwenye jukwaa la ubao walisimama naye Wajerumani wawili, Selina Jörg na Ramona Hofmeister, wote wa huku kwetu Bavaria. Mtoto aliitazama ile fainali mara tatu, akaniuliza kwa nini ubao wake yeye ni mpana. Swali la haki kabisa.

Basi nikaingia sokoni. Na hapa niseme jambo ambalo hakuna aliyeniambia: vifaa hivi havitafutwi kama seti. Vinaokotwa katika biashara tatu zisizojuana. Mabuti yanatoka upande wa ski ya watoto. Vifungio vinatoka kwa watu wazima wenye miguu midogo. Ubao unatoka popote Mungu anapojalia. Ukishaelewa hivyo, msako unakuwa mtamu.

Kila Oktoba na Novemba, vilabu vya ski vya Bavaria hufanya magulio kwenye kumbi za michezo za shule. Ijumaa jioni wenye vitu wanavileta, wanajaza kadi yenye aina, saizi na bei, kadi inafungwa kwa kamba. Jumamosi asubuhi milango inafunguliwa, na klabu inakata asilimia yake kwa kila kilichouzwa. Mimi nimekulia Moshi. Mama yangu alinifundisha kuchagua mtumba Soko la Memorial nikiwa mdogo kuliko huyu binti yangu: fika belo likikatwa, usidanganywe na rangi, geuza nguo ndani nje, angalia mshono, zipu, kwapa. Nawaambia, jicho lile linafanya kazi hukuhuku! Nilianza na mabuti, kwa sababu mguu ndio unaokua haraka na ndio usiosamehe.

Mabuti ya ski ya watoto ndiyo siri kubwa ya kwanza. Kwa mtu mzima, buti la ski juu ya ubao huwa gumu mno kwenye kifundo. Kwa mtoto ni kinyume. Buti la mtoto la bizimu mbili limetengenezwa laini ili kilo ishirini ziweze kulikunja, na ulaini huo ndio hasa ubao unaoutaka. Bizimu ya juu naiacha legelege kidogo, goti linapinda mbele bila kupigana na plastiki. Saizi yake inahesabiwa kwa sentimita za mguu, kwa hiyo mguu wa 18 unaanzia hapo kwenye 18 au 18.5. Usikisie. Msimamishe mtoto kwenye kadibodi kisigino kikigusa ukuta, chora, pima. Kisha toa buti la ndani, mwambie aingize mguu kwenye gamba tupu mpaka vidole viguse mbele, na uchungulie nyuma ya kisigino: nafasi ya sentimita moja, au moja na nusu kwa anayekua, inatosha. Zaidi ya hapo kisigino kitanyanyuka na kila kitu utakachomfundisha kitapotelea ndani ya soksi. Msimu uliopita duka moja la hapa mjini lilinishawishi kuchukua mabuti yaliyozidi saizi mbili, eti akue nayo. Alilia wiki nzima, na mimi nilidhani ni uoga. Bado najuta kwa wiki ile.

Haya niliyoyapata gulioni ni ya 18.5, meupe, yamevaliwa msimu mmoja, euro 15. Kwenye ubavu wa kisigino pameandikwa urefu wa soli: milimita 225. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama kifungio kitakubali au kitakataa, na hakuna hata kadi moja kwenye lile gulio iliyoitaja! Nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza na tochi ya simu, nasoma kisigino baada ya kisigino.

Kuna jambo lingine la soli linalofaa kujulikana mapema. Buti la ski la mtoto mdogo lina ulimi mwembamba na mfupi kuliko wa mtu mzima, kule mbele kitanzi kinaposhikia. Ukichukua kifungio kilichorekebishwa kwa mtu mzima na kukibana juu ya buti la mtoto, kinaweza kusikika “tap” na bado kikacheza. Lazima kitanzi kishushwe mpaka mkono wa kubana uhitaji nguvu ya kiganja, si ya kidole. Ukitikisa buti kwa mikono miwili, ubao mzima ufuate. Ukisikia mlio wowote, rudia. Vifungio hivi havifunguki vyenyewe mtoto akianguka, tofauti na vya ski, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Na vifungio vyenyewe! Nilivipata kwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa alpaini miaka ya tisini, mchezo ulipokuwa umepamba moto na kuingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Nagano mwaka 1998. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya klabu akinywa kahawa. Nilipomwuliza kama kuna bamba dogo popote, aliweka kikombe chini taratibu.

“Dogo kiasi gani, mama?”

“Soli ya milimita 225, mzee.”

Alicheka kwa furaha, akanyanyuka, akaenda kwenye gari lake. Alirudi na sanduku la biskuti. Ndani: jozi ya mabamba ya saizi ndogo kabisa, ya mke wake, pamoja na skrubu zote, diski zote, na kabari nne za plastiki zilizofungwa kwenye karatasi. Alizitunza hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini! Vitanzi vikisogezwa kwenye tundu la mwisho, vilifika milimita 222. Milimita tatu za ziada. Nilitaka kulia palepale ukumbini. Alitaka euro 30, nikampa 40, na tukabishana kuhusu hizo kumi mpaka mke wake akaja kutuamulia.

Ubao sasa. Huu niutulie.

Watu wote niliowauliza waliniambia neno moja: wembamba. Tafuta ubao mwembamba, walisema, alpaini ni wembamba. Nimegundua kwamba kwa mtoto hilo linakuja la pili, tena kwa mbali. Ubao wa alpaini wa mtu mzima ni mwembamba ili mabuti yake makubwa, yaliyogeuzwa mbele kwa nyuzi 55 au 60, yasitokeze nje na kuburuta kwenye theluji anapolala. Mtoto mwenye soli ya milimita 225 hana shida hiyo. Kwenye kiuno cha sentimita 19, nyuzi 40 mbele na 35 nyuma zinamtosha, na hakuna ncha wala kisigino kinachochungulia. Hata ubao wa kawaida wa watoto, ule ulio mpana kidogo, ungeweza kumbeba. Kinachomkwamisha mtoto ni ugumu.

Sikia hesabu hii, maana ni nzuri kuliko hadithi. Huu wangu una mkato wa kiuno wenye nusu kipenyo cha mita 7. Ukiulaza nyuzi 45, unataka kuchora kona ya karibu mita 5. Ukiulaza nyuzi 60, mita 3 na nusu. Lakini hautachora chochote kama hauwezi kupinda! Makali yake yana urefu wa mita moja hivi, na katikati kiuno kimeingia ndani takriban sentimita 1.8. Ukiulaza nyuzi 45, katikati lazima pashuke sentimita hizohizo 1.8 ndipo makali yote yaguse theluji, kuanzia pua hadi mkia. Mimi nikisimama juu yake, unashuka bila kuuliza. Mtoto wa kilo 20 akisimama juu ya ubao uliofupishwa tu kutoka muundo wa watu wazima, wenye tabaka za aloi ya titanal, haushuki hata nusu sentimita. Unabaki umenyooka kama rula, unakwaruza, unateleza pembeni, na mtoto anaambiwa hajui.

Ndiyo maana siku ya gulio nilibeba vitabu viwili vyenye unene wa sentimita 2. Niliviweka sakafuni, nikalaza ubao juu yake, kitabu kimoja chini ya pua na kingine chini ya mkia, kisha nikamwambia binti asimame katikati na soksi zake. Mbao tatu za kwanza zilimbeba kama daraja. Ya nne, hii nyekundu, ikashuka. Ikashuka polepole mpaka tumbo lake likabusu sakafu, na alipotoka likarudi juu kwa mlio mdogo. Nilimkumbatia mtoto mbele ya foleni nzima. Aliyeutengeneza alijua anachokifanya: alipunguza unene wa kiini, na unene ukipungua nusu ugumu unabaki moja ya nane. Huwezi kuyaona hayo kwa macho. Yanasikika mguuni.

Mengine niliyakagua kama mtumba wowote. Tumbo lina mikwaruzo miwili isiyofika ndani. Makali yana kutu ya juujuu, imetoka kwa tupa ndani ya dakika tano. Pua imechubuka kidogo lakini tabaka hazijaachana. Niliingiza ukucha kuzunguka ubao mzima na haukupata pa kupenya. Matundu ya skrubu yamekaa kwa mraba wa sentimita nne, mpangilio wa kawaida, kwa hiyo diski za yule mzee ziliingia bila ubishi. Ukikuta mbao za zamani za Burton zenye matundu matatu ya pembetatu, usizikimbie, ila hakikisha diski yake ipo mkononi kabla hujalipa. Bei ya huu: euro 45. Jumla ya mabuti, vifungio na ubao ni euro 100, na pesa nyingine nilizitumia kwa kahawa na mikate ya chumvi.

Kufunga kulichukua jioni mbili. Kwanza niliamua mguu wa mbele ni upi kwa kumwacha ateleze na soksi koridoni bila kumwambia ninachotazama. Mara saba kati ya nane alitanguliza wa kushoto. Kabari ya yule mzee niliiweka chini ya ncha ya buti la mbele na nyingine chini ya kisigino cha nyuma, magoti yakasogeleana kama yanayonong'onezana. Nafasi kati ya miguu nimeanza na sentimita 33. Makali nimeyanoa kwa nyuzi 88, kisha nimeyalegeza kidogo puani na mkiani yasimnase ghafla. Nta ya moto juu ya tumbo, kukwangua, kupiga brashi. Jikoni kulinukia kama duka la mishumaa.

Kofia ngumu, miwani na kinga za vifundo vya mikono nilinunua mpya dukani, na sitasema mengi: kofia iwe na alama ya EN 1077, ikae sawa leo na isiwe ya kukua nayo, na kinga za vifundo vya mikono zisiachwe nyumbani, kwa sababu anayejifunza snoubodi huanguka na mkono mbele na kifundo cha mkono ndicho kinachoumia mara nyingi.

Jumapili tukapanda treni ya asubuhi kwenda Lenggries, saa moja hivi kutoka Munich, mpaka chini ya mlima Brauneck. Kilele chake ni mita 1,555, mlima mdogo kwa watu wa huku, na kwa mtoto aliyetoka Marangu kwa upande wa bibi yake ni kichuguu. Sisi hatukuhitaji hata kilele. Tulihitaji mteremko wa watoto, zulia la kupandia, na theluji iliyosawazishwa usiku na mashine, ambayo saa tatu asubuhi bado ina mistarimistari kama koti la kodrai na inalia “kriki kriki” ukiikanyaga.

Buti la mbele: tap. Buti la nyuma: tap. Hakuna mikanda, hakuna kukaa kwenye theluji ukivuta kamba na glavu zilizolowa. Sekunde sita! Mzazi aliyewahi kupiga magoti kwenye baridi akifunga mikanda ya mabuti laini, mara ishirini kwa siku, ataelewa kwa nini napiga kelele kuhusu jambo hili.

Mara tatu za kwanza alishuka wima, ameganda, macho kwenye pua ya ubao. Sikumsumbua. Mara ya nne nilimwambia aangalie bendera ya njano kushoto na alilaze goti lake kuelekea huko, kama anapokata kona na baiskeli. Akaangalia bendera. Goti likaenda. Ubao ukainuka upande mmoja, ukashuka katikati kama ulivyoshuka juu ya vitabu, na mwili wake mdogo ukabebwa kuzunguka, kimya, bila ile kelele ya kukwaruza. Kimya kabisa! Alisimama chini, akageuka kunitazama na mdomo wazi.

“Mama, imeng'ata!”

Imeng'ata. Nimesoma kurasa ngapi za maelezo kuhusu makali, na mtoto wa miaka sita ameyamaliza kwa neno moja. Nilitembea juu kuangalia. Pale kwenye theluji palikuwa na upinde wa mita nne au tano, upana wake haukuzidi kidole changu cha shahada, safi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kilo ishirini na nusu zimechora mstari ule. Nilivua glavu na kuupitisha kidole ndani yake kwa urefu wote.

Hukumu yangu ya siku ya kwanza, basi. Ubao ni almasi: unapinda kwa uzito wa binti yangu, unasamehe akichelewa kubadilisha makali, na kwa mwendo wake wa sasa hautetemeki kamwe. Kwenye theluji laini ya mchana, iliyochimbwa na watu, ulianza kumtupa huku na kule, na kuanzia saa sita tuliuweka kando. Hicho ndicho kikomo chake na sioni aibu kukitaja. Mkia uliokatwa sawa haufai kabisa kushukia kinyumenyume, kwa hiyo anayetaka mtoto wake acheze kwenye viruko amnunulie mabuti laini. Mabamba yameshika tangu asubuhi bila kulegea skrubu hata moja, nilikagua kila baada ya mizunguko mitatu. Kona za upande wa vidole zinakuja kwa urahisi. Za upande wa kisigino bado anakaa kama yuko kwenye kiti, na nadhani kabari ya nyuma nitaipunguza wiki ijayo. Mabuti yamempa joto, hakulalamika hata mara moja, na jioni kisigino chake hakikuwa na wekundu.

Kama mtoto hajawahi kusimama juu ya theluji, nisingeanza naye hapa. Kwa miaka mitatu au minne kuna vibao vidogo vya Burton vya familia ya Riglet, vinaweza kufungwa kamba ya kujikunja puani ambayo mzazi anamvutia mtoto kwenye bustani tambarare, na hiyo ni shule nzuri sana. Binti yangu alipitia huko, akapitia msimu mmoja wa mabuti laini. Lakini akishajua kusimama na kusimamisha, na akawa anauliza kuhusu mstari, usingoje afikishe miaka kumi na mbili ndipo mguu wake utoshe kwenye buti la kike. Vifaa vipo. Vimejificha kwenye masanduku ya biskuti.

Jioni tulimpigia bibi yake kwa video, binti akiwa bado na alama ya miwani usoni.

“Shikamoo bibi!”

“Marahaba mjukuu wangu. Hiyo theluji haikuumizi?”

“Haiumizi bibi, nimeichora!”

Bibi huiona theluji ya Kibo kutoka uani kwake asubuhi mawingu yakifunguka, na amezoea kuitazama kwa mbali. Alitaka aonyeshwe mchoro. Nilikuwa nimeupiga picha saba.

Juzi nimempima tena kwenye kadibodi. Sentimita 18.4. Mabuti yatafika mwisho wa Machi, hayatavuka zaidi. Ubao una misimu miwili mbele yake, na vitanzi vya mabamba vina nafasi ya kurudi nyuma tundu kwa tundu. Kwa hiyo ukiwa na mtoto mwenye mguu wa sentimita 18, na uko kusini mwa Ujerumani, mabuti meupe haya yatakuwa gulioni Oktoba. Nitayapeleka mwenyewe Ijumaa jioni. Kwenye kadi nitaandika saizi, nitaandika bei, kisha kwa wino mwekundu na herufi kubwa: SOLI MILIMITA 225, YANAINGIA KWENYE MABAMBA YA UBAO.